Mtoto Anayeficha Simu Atasemaje? Elimu ya Mtandaoni na Ukatili katika Mahusiano ya Vijana Wadogo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliokuja kutusikiliza: wakubwa zangu, shikamooni, wengine, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwakinga watoto wa miaka 12 hadi 15 na ukatili unaofanywa na wale wanaowaita wapenzi wao, na hasa namna mafunzo ya mtandaoni yanavyoweza kutusaidia. Najua wamo humu ndani wanaosema moyoni kwamba mtoto wa umri huo hana mpenzi, na kama anaye, dawa yake ni fimbo. Ninaomba wanivumilie, kwa sababu nitaanza na mtoto mmoja niliyemjua.

Nilipokuwa mwalimu wa malezi, mwanafunzi wa kidato cha kwanza alikuja ofisini kwangu na simu aliyokuwa akiificha jikoni kwao, nyuma ya magunia ya mkaa. Alinifungulia ujumbe wa usiku mmoja tu. Saa mbili na dakika kumi: “Uko wapi?” Akajibu: “Nyumbani.” “Piga picha ya saa ya ukutani nione.” Akapiga. “Mbona mlango hauonekani? Piga tena.” Alipiga mara sita kabla hajaruhusiwa kulala, na neno ninalotumia ni hilo hilo, kuruhusiwa. Aliyekuwa akimwamrisha alikuwa mvulana wa kidato cha tatu ambaye hakuwahi kumnyooshea mkono. Nilipomuuliza kwa nini alikaa na jambo hili muhula mzima bila kumwambia mtu, alinitazama kama niliyeuliza swali la ajabu, akasema: “Mwalimu, ningesemaje? Simu yenyewe nyumbani haijulikani.”

Nimelibeba jibu hilo miaka yote, na ndilo linaloniongoza leo. Mtoto wetu huwa na siri mbili kabla hajafikwa na ukatili: ana simu ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo, na ana uhusiano ambao shuleni unaweza kumfukuzisha na nyumbani unaweza kumpigisha. Yule anayemtesa anazijua siri zote mbili, na hizo ndizo kamba anazomfungia. “Nitamwambia baba yako” ni tishio linalotosha kabisa, haihitajiki ngumi. Kwa hiyo elimu yoyote ya mtandaoni tutakayoitengeneza, hata iwe nzuri kiasi gani, itaishia kwenye kioo cha simu kama hatujaishughulikia hofu hiyo.

Nianze na ukatili wenyewe, maana neno hili likitajwa watu wengi huona jicho lililovimba. Kwa vijana wadogo, mara nyingi huanza kwa udhibiti: kudai nywila, kukagua nani amepigiwa, kununa kwa sababu tiki mbili zimegeuka bluu na jibu halijaja, kumkataza asikae na marafiki zake wa zamani, kumwomba picha asiyotaka kuipiga na kisha kumtishia kwa picha hiyo hiyo. Wasichana nao huwafanyia wavulana, na mvulana aliyefanyiwa huona aibu maradufu kusema. Ugumu ni kwamba mengi ya haya huvaa nguo ya mapenzi. Tumewalea watoto katika usemi kwamba wivu ni dalili ya kupendwa, nyimbo zinausifu, na shangazi husema “anakujali huyo” akidhani anamfariji. Mtoto wa miaka 13 hana uhusiano wa zamani wa kupimia huu wa sasa, kwa hiyo anachofanyiwa mara ya kwanza ndicho anachodhani ndivyo ilivyo.

Kwamba watoto wetu wanaumizwa si jambo la kubahatisha. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hiyo inajumuisha watesaji wa kila aina, hata watu wazima, lakini inatosha kutuondolea dhana kwamba utoto wenyewe ni ngao.

Je, inawezekana kuzuia kwa kufundisha? Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ushahidi upo na haufahamiki sana kwetu. Mwaka 1994, katika wilaya moja ya mashambani ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, mtafiti Vangie Foshee na wenzake walianza kuujaribu mpango ulioitwa Safe Dates katika shule 14, kwa wanafunzi wa darasa la nane na la tisa, yaani umri wa kidato chetu cha kwanza na cha pili. Ulikuwa na vipindi 10, mchezo wa kuigiza na shindano la kuchora mabango. Miaka minne baadaye, waliofundishwa walikuwa wakitenda na kutendewa ukatili kwa kiwango cha chini kuliko wasiofundishwa. Kilichonigusa zaidi ni sababu waliyoibaini: fikra za vijana zilikuwa zimebadilika kuhusu kama ukatili unakubalika na kuhusu nafasi ya mwanamume na mwanamke, na walijua pa kwenda kuomba msaada. Hapakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Na sisi tulikuwa na mbegu ya aina hiyo hapa hapa, kwani mpango wa Tuseme uliozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 uliwapa wasichana wa sekondari jukwaa na maigizo ili wayataje kwa vinywa vyao yanayowakwamisha.

Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye kompyuta. Katika shule 20 za sekondari za jimbo la Rhode Island ulijaribiwa mpango wa Teen Choices, wenye vipindi vitatu vya kama nusu saa kila kimoja. Mwanafunzi anakaa peke yake mbele ya mashine, anajibu maswali, na mashine inampa maelezo yanayolingana na majibu yake: asiye na mpenzi anaambiwa lake, na aliyekwisha kuumizwa anaambiwa lake. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa tayari wamepitia ukatili. Fikirini maana yake, wazazi wangu. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani hawezi kusema na kila mmoja kwa hali yake, tena mbele ya wenzake mtoto hatafungua mdomo. Lakini mashine haishangai, haitoi siri kwa jirani, wala haimwangalii usoni.

Hata hivyo, sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba mashine inatosha. Kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kiliujaribu mpango wake wa Dating Matters, wa watoto wa miaka 11 hadi 14, katika shule 46 zilizomo katika miji minne mikubwa na maeneo yake. Uliwafundisha watoto, lakini pia wazazi wao, na walimu wakawekewa mafunzo ya mtandaoni. Ulilinganishwa na Safe Dates yenyewe, ukaonekana kupunguza ukatili zaidi. Mimi nalisoma tokeo hilo hivi: mtoto akifundishwa, na mtu mzima aliye karibu naye akafundishwa pia, somo linapata mahali pa kutua.

Turudi sasa kwenye mazingira yetu. Shuleni simu hairuhusiwi, na sina nia ya kulibishia hilo leo. Nyumbani, watoto wengi hushika simu ya mama baada ya chakula cha usiku, bando likiwa limebaki kidogo, na wengine nyumba yao ina kitochi tu. Somo lililotengenezwa kwa video ndefu haliwafikii hawa. Linalotufaa ni la maandishi mafupi na picha chache, linalopakuliwa mara moja kwenye kompyuta ya shule na kufanya kazi bila intaneti, lisilomtaka mtoto aandike jina lake, lisilotoa sauti ghafla, na lenye kitufe kikubwa cha kutokea endapo mtu ataingia chumbani. Kwa wenye kitochi, maswali yaleyale yanaweza kwenda kwa ujumbe mfupi. Na kwa kuwa simu ni ya mama, liandikwe kwa namna ambayo mama akilikuta ataweza kulisoma mpaka mwisho bila kuona kwamba mwanawe amefundishwa uhuni.

Niwaonyeshe ukurasa mmoja ambao tumeuandika na walimu wenzangu. Unaanza na ujumbe: “Nitumie nywila yako kama kweli unanipenda.” Chini yake kuna majibu manne, na hakuna hata moja lenye alama ya kosa. Mtoto akichagua “Nitampa, asije akakasirika,” ukurasa haumkemei. Unamuuliza: “Mara ya mwisho alipokasirika, ilikuwaje?” Anapewa nafasi ya kuandika, na alichoandika hakihifadhiwi popote. Kisha anaonyeshwa maneno anayoweza kuyatumia, yaliyoandikwa kama watoto wanavyoandika, mafupi, ya kukataa bila kutukana: “Nakupenda, ila simu yangu ni yangu.” Tulibishana wiki nzima juu ya sentensi hiyo. Wengine walitaka tuondoe “nakupenda,” wakihofia kwamba tunahalalisha. Niliomba ibaki, kwa sababu mtoto anayempenda mtesaji wake hatajitambua katika somo linalojifanya kwamba hampendi.

Upo pia ukurasa wa anayetenda, na huu ninaupigania sana. Yule mvulana wa picha za saa naye alikuwa na miaka 16, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hofu ya kuachwa haimpi mtu haki ya kumfunga mwenzake. Ukurasa unamuuliza: angejisikiaje kama dada yake angepiga picha ya ukuta mara sita usiku?

Kuhusu sheria nitasema machache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa ujumbe wa kielektroniki, na kuchapisha picha za utupu za mtoto ni kosa zito. Watoto waambiwe wazi kwamba aliyeletewa picha ya namna hiyo asiipeleke kwa mwingine hata mmoja, bali amwendee mtu mzima. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Yote haya yamo katika ukurasa wa mwisho, lakini nawaambieni ukweli, mtoto anayeogopa nyumbani kwao hatapiga namba yoyote.

Ndiyo maana nimewaletea karatasi hizi mnazoziona mezani. Zina sentensi moja ya kutiwa saini na mzazi, na nyingine kama hiyo imekwisha kusainiwa na walimu wote wa malezi: “Mwanangu akija kuniambia kwamba anaumizwa au anatishwa, nitamsikiliza kwanza mpaka amalize, na siku hiyo sitamwadhibu kwa ajili ya simu wala kwa ajili ya uhusiano.” Neno “siku hiyo” limewekwa kwa makusudi, hatuwanyang'anyi wazazi haki ya kulea, tunawaomba kwamba malezi yasitangulie uokoaji. Nakala moja itabaki kwa mtoto, aikunje aiweke kwenye daftari.

Vipindi vitaanza Jumatatu na kidato cha kwanza katika chumba cha kompyuta, kwa zamu, kila mtoto peke yake mbele ya mashine yake, na mwalimu wa malezi atakaa nje ya mlango kwenye benchi kwa atakayetaka kuzungumza. Kalamu zipo hapa mbele.