Makanga Ana Pumzi Kutushinda

SHIKO: Haya watu wetu, tumerudi. Leo Omosh ameingia studio akishika paja, na akiketi anatoa ile sauti ya wazee.

OMOSH: Usianze.

SHIKO: Si uwaambie.

OMOSH: Sawa. Jumanne jioni niko steji ya Ngara, mvua inakaribia, na mnajua mvua ikinusa tu tao nauli inafanya nini, sasa gari ya Githurai ikapita imebakisha kiti kimoja, inapunguza mwendo lakini haisimami, nikaifukuza. Na makanga alikuwa ameshuka, anakimbia kando yangu, noti zimejaa kwa vidole, anapiga bodi, anaongelesha dereva, ananiita "ruka boss, mia, mia", na pumzi yake iko sawa tu. Mimi sikuweza hata kuuliza kama wanasimama Roysambu.

SHIKO: Ukapanda?

OMOSH: Nilivutwa kwa shati. Dada mmoja akanifungulia dirisha bila kuulizwa.

SHIKO: Wueh. Ndio maana nilisema leo tuongee kadio, yaani mazoezi ya moyo na pumzi, jinsi mtu anaanza bila kujiumiza. Mwili umekaa kwa kiti tangu asubuhi, unauamsha na mbio kali papo hapo, paja lazima lilalamike. Nimeandika mambo saba.

OMOSH: Saba? Na studio tuko nayo nusu saa?

SHIKO: La kwanza, kipimo cha kuongea. Huhitaji saa ya bei. Ukitembea haraka na unaweza kupiga story lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani, na anayeanza akae hapo kwanza wiki kadhaa. Ukitoa maneno mawili matatu unatafuta hewa, hilo ni zoezi kali, hujafika huko bado.

OMOSH: Ngoja. Makanga anaimba.

SHIKO: Omosh.

OMOSH: Si anaimba? "Roysa, Zimma, Githu", na yuko mbio! Kwa kipimo chako huyo anapumzika.

SHIKO: Anapiga kelele, haimbi.

OMOSH: Na anakimbia, anadandia, anakaa kidogo, anashuka, anakimbia tena. Watu wa jimu wanalipa mwalimu awafanyishe hivyo hivyo, mbio na mapumziko kwa zamu, yeye analipwa.

SHIKO: Analipwa akimeza moshi wa Thika Road kutoka saa kumi na moja asubuhi. Mbona hutaji hiyo?

OMOSH: Sijasema mapafu. Nimesema moyo. Na ni wewe ulinitumia ile mambo ya Shirika la Afya Duniani, dakika 150 mpaka 300 za kasi ya wastani kwa wiki, ama 75 mpaka 150 za zoezi kali. Zamani ilikuwa lazima ufanye angalau dakika kumi mfululizo ndio ihesabike, lakini mwongozo wa 2020 wakaitoa hiyo sheria, kila kidogo kinahesabika, na wanahesabu hata ya kazini. Basi makanga Jumanne ashamaliza ya wiki. Mtu wa mjengo pia. Hata mimi maji yakipotea nabeba mtungi mpaka nyumba ya juu kabisa.

SHIKO: Hapo sikubali. Kuna utafiti wa Copenhagen wa 2021, watu zaidi ya laki moja. Wanaosonga sana wakati wao wa mapumziko, magonjwa ya moyo yanapungua. Wanaosonga sana kazini, yanazidi.

OMOSH: Hao ni maskini wa huko, wanavuta sigara, wanakula vibaya.

SHIKO: Walihesabu sigara, walihesabu hali ya maisha, tofauti ikabaki. Na wanaeleza vizuri tu: kazini mapigo yanakaa juu masaa mengi, presha inakaa juu, unainua vitu vizito, na hakuna kupumzika kwa kutosha. Zoezi ni dakika thelathini, halafu mwili unapewa nafasi ya kujijenga.

OMOSH: Moyo haujui nani ameshika mshahara.

SHIKO: Unajua kama umepumzishwa.

OMOSH: Kwa hivyo mtu amebeba mawe Ruiru siku nzima, jioni umwambie alipe geti ya msitu wa Karura akimbie pole pole?

SHIKO: Nimesema hivyo? Alale! Ninachokataa ni wewe kumwambia yuko fiti kwa sababu anatoa jasho. Apimwe presha. Presha haiumi, haikuambii iko.

OMOSH: Na mimi ninachokataa ni kuambia watu wa Nairobi, mtu anatembea kutoka Kawangware mpaka Industrial Area, ati hiyo si zoezi.

SHIKO: Kutembea ni zoezi! Nani amekataa kutembea?

OMOSH: Anaenda kazi.

SHIKO: Anatembea kwa mwendo wake, hiyo ni tofauti na mtu anakimbizwa na dereva.

OMOSH: Sioni tofauti.

SHIKO: Basi usione. Mimi siendi popote.

OMOSH: Hata mimi.

SHIKO: ...Fundi wa sauti anaonyesha vidole vitatu. Na niko namba moja!

OMOSH: Si usome haraka.

SHIKO: Aki wewe. Ukiwa na presha, sukari ama shida ya moyo, ama umekaa miaka bila kufanya chochote na unataka kuanza na zoezi kali, muone daktari kwanza. Kifua kikibana, uchungu ukienda kwa mkono ama taya, kizunguzungu, unasimama hapo hapo na unaenda hospitali, usisukume. Na wale mmetoka Mombasa juzi, hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, pumzi zitakuwa fupi siku za kwanza, punguzeni mwendo...

OMOSH: Raba je? Za Gikomba zinafaa?

SHIKO: Zinafaa kama soli haijaisha, pinda uone, lakini hiyo ni namba sita, usiniruke, kuna kupasha mwili, dakika tano hadi kumi za mwendo wa pole, na ukimaliza usisimame ghafla, unapunguza...

OMOSH: Shiko, watu wa kipindi cha injili wako mlangoni.

SHIKO: Wangoje.

OMOSH: Wamelipia.

SHIKO: Haya, kwaherini.