Nimelala Kituoni, Gari Limepita

SALIM: Assalaam aleikum, karibuni barazani. Tuko Malindi, madirisha tumeyafunga kwa sababu ya tuktuk, na bado mtazisikia. Msituandikie, tunajua. Mimi ni Salim, fundi wa magari ya watu. Niko na dada yangu, Bi Zena.

ZENA: Waaleikum salaam. Bi Zena amekuja na mahamri, kwa hivyo akinyamaza mjue anatafuna.

SALIM: Leo tunamaliza ugomvi wa juma lililopita. Mimi nilisema magari ya rali ya siku hizi hayana mfano, tangu dunia iumbwe. Dada akanitazama kama anayetazama samaki wa juzi.

ZENA: Sikukataa. Nilisema nimeyafuata mpaka Naivasha na sikuyaona.

SALIM: Ulikuwepo na hukuyaona?

ZENA: Nisikilize. Basi la usiku mpaka Nairobi, matatu mpaka Naivasha, saa kumi na moja alfajiri niko porini nyuma ya utepe, baridi ile ya bara inanitafuna mifupa. Saa nne helikopta ikapita juu. Watu wakapiga kelele, "Linakuja, linakuja!" Nikatoa simu, nikaiinua. Likapita. Nilichopata kwenye simu ni vumbi na kisogo cha mwanamume mwenye kofia. Basi lingine, vumbi. Lingine, vumbi. Nauli yangu yote nimeilipa kutazama vumbi la watu wa bara.

SALIM: (anacheka) Lile vumbi lina jina, wanaliita feshfesh. Laini kama unga wa mahamri hayo. Gari likizama humo linatoka limekohoa.

ZENA: Basi mimi ndiye niliyekohoa. Sasa nilinganishe na utotoni. Baba alikuwa akifanya kazi Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Safari Rally ilikuwa ni ya Pasaka. Alitupeleka vilima vya Taita, tukakaa juu ya jiwe na chupa ya chai. Gari ulikuwa ukilisikia kabla hujaliona, mlima wa kwanza, mlima wa pili, linapotea, linarudi. Ukiliona limekuja upande upande, taa moja haipo, matope mpaka juu. Na dereva unamwona! Unaona mikono yake inavyohangaika na usukani. Mimi mpaka leo nikifumba macho naiona ile mikono.

SALIM: Miaka hiyo dereva Shekhar Mehta alikuwa hashikiki. Alichukua 1973, halafu 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Mara tano, na hakuna aliyeshinda mara nyingi kumzidi.

ZENA: Na alishinda kwa kufika.

SALIM: Hapo umesema. Safari ya zamani, ile iliyoanza 1953, ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000 ikifika miaka ya sabini na themanini, kwenye barabara ambazo hazijafungwa. Unashindana, mbele yako lori la mkaa, ng'ombe, mama na kuni zake. Barabara ziliendelea kuwa wazi hivyo mpaka 2002 Safari ilipotolewa kwenye mashindano ya dunia. Iliporudi 2021, steji, yaani vipande vya njia vya mbio, zimefungwa, jumla yake kilomita 300 na zaidi tu. Zamani ulikuwa ukilitunza gari lifike. Sasa unakimbizana na sekunde.

ZENA: Na kuondoa lori la mkaa mimi sina neno. Hiyo ilikuwa ni hatari ya kijinga, tusiipambe kwa kuwa ni ya zamani. Ninachouliza ni hiki: kasi imeongezwa kwa ajili ya nani? Kwa maana mimi niliyekaa kando ya njia sikupata kitu.

SALIM: Haya, tuingie gerejini kidogo. Mwaka 2016 Kris Meeke alishinda rali ya Finland kwa wastani wa kilomita 126 kwa saa. Wastani, dada, si mwendo wa juu. Kona zimo humo, kupunguza kumo humo, kuruka vilima kumo humo. Tena ni njia ya changarawe msituni, miti pande zote.

ZENA: Ile Probox ya mirungi inayoshuka kutoka Meru haifiki hapo.

SALIM: Probox ya mirungi usiilete, ile ina mambo yake. Mwaka uliofuata magari yakaongezwa nguvu, yakafika nguvu za farasi 380, na mabawa makubwa ya kuyakandamiza chini. Sweden mwaka ule ule kuna steji moja, Knon, wastani ulipita 130. Wakuu wa mashindano wakaifuta isirudiwe mara ya pili.

ZENA: Kwa hiyo hata wao wanaogopa.

SALIM: Wana haki ya kuogopa. Wewe muulize mzee yeyote wa Kitaliano hapa Malindi habari za Lancia. Kuna mmoja nilikuwa nikimtengenezea gari lake dogo, kila siku hadithi ni moja, dereva Miki Biasion na Lancia Delta Integrale walivyoshinda Safari ya 1988 na ya 1989. Anazitaja kama anayetaja watoto wake. Lakini ukimtajia Delta S4 ananyamaza.

ZENA: Kwa nini?

SALIM: S4 ilikuwa ya Kundi B, daraja moja la magari ya rali. Kundi hilo lilianza 1982, kanuni zake zimelegea, kila kiwanda kikafanya kitakacho. Ikifika 1986 kuna magari ya farasi 500 yenye uzito usiofika kilo 1,000. Bodi plastiki na nyuzi. Halafu watu wamesimama njiani, katikati ya njia, wanajitenga gari likiwa mita chache, wengine wananyoosha mkono waliguse.

ZENA: Waliguse!

SALIM: Wallahi. Ilikuwa ni ushujaa. Ureno, Machi 1986, Ford RS200 ya Joaquim Santos ikaacha njia ikaingia kwenye umati. Watu watatu wakafa, zaidi ya thelathini wakaumia. Madereva wakubwa wakakataa kuendelea. Haukupita muda, tarehe 2 Mei, kisiwa cha Corsica, dereva Henri Toivonen na navigeta wake, yule anayemsomea njia, Sergio Cresto wakatumbukia bondeni na ile S4, ikashika moto. Kilichobaki ni fremu. Kundi B likapigwa marufuku, mwisho wa mwaka ule ule.

(Kimya. Tuktuk inapita.)

ZENA: Mungu awarehemu. Lakini Safari yetu ya miaka ile ile, kundi hilo hilo B, nani alishinda?

SALIM: Ah, umenishika. Toyota Celica. 1984 Waldegård, 1985 Kankkunen, 1986 Waldegård tena. Gari zito, linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Audi Quattro na Peugeot 205 za kuvuta magurudumu manne, zilizokuwa zikitisha Ulaya, miaka hiyo ya Kundi B hazikuipata Safari.

ZENA: Basi njia yenyewe ilikuwa ni breki.

SALIM: Njia ilikuwa ni breki. Sawa, hiyo nakupa. Lakini na wewe unipe yangu. Aliye ndani ya gari leo analindwa vingine kabisa. Monte Carlo 2020, Ott Tänak, mwendo kama kilomita 180 kwa saa, gari linaruka kutoka njiani, linabingirika mlimani kama nazi iliyoangushwa. Yeye na navigeta wake wakatoka kwa miguu yao. Magari yaliyokuja 2022 yamejengwa juu ya keji ya mabomba ya chuma kuanzia mwanzo, bodi inavikwa tu juu yake kama kanzu. Baada ya navigeta Michael Park kufariki Uingereza 2005, gari lilipopiga mti ubavuni, ubavu wa gari ndio ulioangaliwa zaidi. Kila kifo kimeacha kipande cha chuma ndani ya gari, ukijua pa kutazama.

ZENA: Na dereva Craig Breen, naye si alikufa?

SALIM: (anavuta pumzi) Croatia, Aprili 2023. Hata mashindano hayajaanza, alikuwa kwenye majaribio. Nguzo ya uzio ikaingia dirishani. Keji haikuwa na la kufanya.

ZENA: Sasa mimi hoja yangu iko hapo. Ndani ya gari mmeweka keji, mikanda, viti, helmeti. Nje mmeweka nini? Utepe. Utepe, Salim! Ule ule wa kufungia zawadi. Mtu aliyesimama Naivasha leo ana ngozi ile ile aliyokuwa nayo baba yangu Taita. Gari limebadilika, yeye hajabadilika.

SALIM: Na hesabu yake ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Gari likitoka mia likafika mia na arobaini, kishindo chake hakizidi kwa arobaini, kinakaribia kuwa mara mbili. Na kwa kilomita 130 kwa saa, kila sekunde linakula mita 36. Ukisema "Bismillah", limeshavuka theluthi ya kiwanja cha mpira.

ZENA: Ndiyo maana sikuliona.

SALIM: Ndiyo maana hukuliona, na ndiyo maana lazima usimame mbali, na ukisimama mbali huoni vizuri, na usipoona vizuri...

ZENA: Nakata tikiti ya basi kurudi Malindi. Ushaelewa. Kasi yenyewe inanisukuma mbali na ninachokipenda. Mimi sitaki gari la pole pole, usinisingizie. Nataka gari linalocheza. Tairi nyembamba, mabawa machache ya kulikandamiza chini, dereva afanye kazi nimwone. Likija upande upande kwa themanini ninapiga vigelegele. Likija kama limebandikwa gundi kwa mia na hamsini, ninafuta macho.

SALIM: Madereva hawatakubali. Dereva ukimpa gari linaloshika njia, hatarudi kwenye linaloteleza. Ni kama kumwambia nahodha aache injini arudi kwenye tanga.

ZENA: Lamu wanarudi kwenye tanga kila mwaka, na mji mzima unasimama ufuoni kutazama jahazi. Mbio za boti za injini nani aliwahi kufunga duka kwa ajili yake?

SALIM: (kimya kidogo) Hiyo... umenibana. Na kwa kweli hata wenyewe wameanza kushuka. 2022 walipunguza mabawa, wakafupisha mwendo wa shokabzoba. Wakaongeza mota ya umeme, farasi wakafika 500 kwa sekunde chache chache, halafu 2025 wakaitoa ile mota. Na kanuni zilizotangazwa za 2027 zinaelekea kama farasi 300.

ZENA: Alhamdulillahi. Naanza kuweka nauli.

SALIM: Lakini mimi nitazililia zile 500. Niacheni nilie. Tumalizie na sauti ya msikilizaji wetu wa Mambrui. Anauliza: kwa nini magari ya rali yasifungwe spidi gavana kama matatu zetu, zile za kilomita 80?

ZENA: Swali zuri sana. Mjibu.

SALIM: Ndugu yetu, gavana ipo. Injini za tabo za rali kubwa zinavuta hewa kupitia pete moja yenye tundu dogo. Ilikuwa milimita 33, 2017 wakaipanua ikawa 36. Hewa yote ya injini ipite hapo, hakuna mlango mwingine. Injini bila hewa ya kutosha haiwezi kukimbia.

ZENA: Na hakuna anayeichokonoa?

SALIM: Mwaka 1995, Uhispania, timu ya Toyota ilikutwa na pete iliyotengenezwa kiajabu. Ukiifungua kuikagua, kila kitu kimekaa sawa. Ukiifunga, inasogea yenyewe na hewa inapita pembeni. Wakaguzi walistaajabu ule ufundi huku wakiwafungia mwaka mzima.

ZENA: Salim.

SALIM: Naam, dada.

ZENA: Wewe ni fundi. Matatu ngapi za Malindi zimeingia gerejini kwako na gavana, zikatoka bila?

SALIM: Bi Zena, hayo mahamri yamebaki mangapi?

ZENA: Nimekuuliza.

SALIM: Wasikilizaji, muda wetu umekwisha.