Marashi ya Kakao na Poda Hayahukumiwi Kwenye Kifuniko

Tumeshasalimiana, sitarudia. Habari za dalia, liwa na vikuba, manukato ya bibi zetu, nazo nitaziruka, maana wengi wenu mmeshanisikia nikizieleza mpaka mnazimalizia wenyewe. Leo nina ugomvi mmoja tu, nao ni wa chupa hii ya marashi mkononi. Ndani yake mna kakao nyeusi, ile chungu isiyojua maziwa, na pamoja nayo maua yenye harufu ya poda. Hapa Tanga nimeizungusha Ngamiani, nimeifikisha Raskazone, nimeipitisha kwenye shughuli za harusi, na maneno ni yaleyale. Mmoja anafungua kifuniko, ananusa, anakunja uso: "Hii ya mabibi." Mwingine ananusa, anacheka: "Mwalimu, hii keki au marashi?" Sekunde tano, kesi imekwisha, na mshtakiwa hata jina lake hajaulizwa.

Kwenye kifuniko pana nini, jamani? Pana spiriti, ile pombe ya kuyayeyushia marashi, na vile vitu vyepesi vya jamii ya maganda ya machungwa ambavyo hurushwa haraka. Chembe za kakao na za poda ni nzito, hazina haraka, zinangoja joto la mwili. Niliwafundisha wazazi wenu mvukizo kidato cha pili, na naona somo halikuvuka kizazi. (Kicheko.)

Mnivumilie hapa, maana hili ndilo ninalolipenda. Mmewahi kupasua tunda la kakao? Waliofika Kyela watakuwa wameliona. Ukilipasua unakuta mbegu zimevikwa nyama nyeupe, tamu yenye ukali kidogo, mtoto anaweza kukaa akainyonya. Ukiitafuna mbegu yenyewe ni chungu, inakausha ulimi, na harufu ya chokoleti haimo. Haimo kabisa! Mkulima anazivundika zile mbegu, kwa majani ya mgomba au kwenye masanduku ya mbao, siku tano, sita, mpaka wiki. Zinapata joto zenyewe, zinachacha, zinabadilika ndani. Kisha anazianika juani. Kisha zinakwenda kukaangwa. Baada ya moto huo ndipo pua ya mtu inasema, ah, kakao.

Na hiyo poda je? Wengi wanadhani watengenezaji wamemwaga poda ya mtoto kwenye chupa. Harufu ile, katika marashi ya ghali, chanzo chake kikubwa ni mmea uitwao irisi, na si ua lake, ni mzizi. Italia, pande za Florence, wanaulima kwa kazi hiyo. Mzizi unachimbwa, unamenywa, unakaushwa, halafu unawekwa ghalani miaka mitatu hivi, pengine zaidi. Ukiunusa siku ya kuchimbwa utapata udongo na harufu ya kiazi kibichi. Ndani ya ile miaka ghalani mafuta yake yanageuka taratibu, panazaliwa kitu kinachoitwa ironi, na hiyo ndiyo poda yenyewe: baridi, laini, ina uzambarau fulani. Sasa mzizi umekaa miaka mitatu unajiandaa, mbegu imevundikwa ikaanikwa ikakaangwa, wewe umezipa sekunde tano ukiwa umesimama kwenye mlango wa duka na pikipiki inakungoja nje.

"Ya mabibi." Haya, tulizungumze na hilo. Mwaka 1893 Wajerumani wawili, Tiemann na Krüger, walitengeneza ayononi maabara, harufu ya ua la urujuani kwa bei nafuu. Baada ya hapo urujuani na irisi vikaenea kwenye poda za uso, sabuni na rangi za mdomo. Kwa hiyo ukinusa chupa hii ukamkumbuka bibi yako, unachokikumbuka ni kile kikopo chake cha poda pale kwenye meza ya kioo. Chupa haina hatia. Na mkitaka kujua kama poda ina umri au jinsia, mwaka 2005 nyumba ya mitindo ya Dior, ya Ufaransa, ilitoa marashi yaliyotungwa na Olivier Polge, irisi na kakao humohumo, yakaitwa Dior Homme. Homme kwa Kifaransa ni mwanamume. Vijana wa hapa mnayanunua, na mafuta ya kupima yanayoyaiga, yale yasiyo na spiriti, mnayanunua vilevile, na hakuna hata mmoja aliyenijia akaniambia ananukia kama bibi yake.

Sasa kisa cha kijana wa Chumbageni. Najua, najua, wengine mmeshakisikia. Wageni hawajakisikia, kaeni.

Kijana huyu alialikwa harusi. Akanunua marashi ya aina hii, akajipulizia shingoni na kifuani baada ya alasiri, akafurahi. Anatembea kuelekea kituoni, anajinusa, hapati kitu. Akasema nimeibiwa. Akajipulizia tena. Akapanda daladala. Ilikuwa masika, mvua inapiga, vioo vyote vimefungwa, watu wamebanana. Anajinusa, hakuna kitu. Akatoa chupa humohumo ndani ya gari, akajipulizia mara ya tatu! Mama mmoja akamfunika mwanawe kwa mtandio. Konda akafungua mlango gari likiwa linakwenda, akasema bora alowe. Kijana yeye anaona watu wana maringo tu. Akafika harusini, akakaribishwa kwenye sinia la biriani na wazee. Mzee wa kwanza akala tonge moja, akaacha. Wa pili akauliza, "Huyu mpishi kamwaga nini humu?" Mwisho sinia zima likabaki la kijana peke yake, na akala, akashiba, akasema watu wa Tanga siku hizi hawali. Keshoye akaja dukani kwangu na chupa iliyobaki nusu anataka hela yake, marashi feki, hayanukii. Mimi nilishajua ni yeye kabla hajavuka barabara.

Kilichomkuta kina sababu. Harufu za jamii ya ayononi na irisi huichosha pua upesi sana. Unazipata, zinapotea, baada ya muda zinarudi, zinapotea tena. Hazijaondoka, pua yako ndiyo imeacha kutoa taarifa. Aliye pembeni yako anazipata zote, na kila ukiongeza unamwongezea yeye. Na kuna zaidi. Kuna aina moja ya ayononi ambayo baadhi ya watu hawainusi sawasawa tangu kuzaliwa, kwa tofauti ndogo tu kwenye jeni moja, wataalamu wameipa jina OR5A1. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kushika chupa moja, huyu akasema maua matupu, yule akasema mbona naona kakao kavu na vumbi, na wote wakawa wakweli. Mmekaa mnagombana kwenye simu nani ana pua, kumbe ugomvi ni wa kurithi.

Ndiyo maana nasema kila mara: marashi ya namna hii usiyahukumu kwa pua yako peke yako. Pulizia mara moja, toka nje, fanya shughuli zako, kisha muulize shoga, muulize mume, muulize jirani asiyekupenda, huyo hasemi uongo. Muulize saa ya kwanza, muulize tena jioni. Na zile punje za kahawa mnazonusishwa madukani eti kusafisha pua, kahawa ni harufu nyingine juu ya harufu. Hewa ya nje inatosha.

Kuna mtu hapo nyuma anasema kimoyomoyo, mwalimu huyu muuzaji, lazima asifie. Kweli nauza. Lakini mwenye haraka ndiye ananunua chupa tatu kwa mwaka na kuzigawa, ananifaa zaidi. Nyinyi mkinisikiliza nitafunga duka.

Halafu mnasoma sifa zilizoandikwa na watu wa Ulaya. Yule anakuambia marashi haya ni ya kukumbatia, ya joto, mazito ya kupendeza. Kayavaa wapi? Kwenye baridi, ndani ya koti la sufu! Wewe unayavaa saa nane mchana, kaskazi, nyuzi 32, hewa imelowa mpaka chumvi haimwagiki. Joto linaurusha ule mwanzo mwepesi kwa dakika chache, na utamu wote unapanda kwa pamoja. Kakao ikichanganyika na jasho la mchana wa Tanga, hata mimi mtetezi wake nasogea. Basi yaache mchana. Mchana kuna maji ya ndimu, kuna asumini, kuna langilangi kwa kiasi. Kakao na poda ni za usiku, na zinakaa vizuri zaidi wakati wa kusi, mwezi wa sita na wa saba, upepo ukiwa umepoa na mtu anatafuta shuka alfajiri.

Na usiyaweke shingoni. Shingo ina joto, na iko karibu mno na pua yako, ndiko uchovu ule wa kijana wa Chumbageni unakoanzia. Yaweke kwenye nguo. Bibi zetu walikuwa na mafuta yao ya mwilini, lakini harufu ya kukaa siku nzima waliipeleka kwenye kitambaa: kanga zinafukizwa udi, zinakunjwa zikiwa na moshi wake, zinavaliwa kesho. Kitambaa hakitoki jasho, hakina haraka. Pulizia upindo wa ndani wa kanga, mara moja, mbili ukizidisha, iache ikauke kabla hujaivaa, uone kama kuna mtu atakuambia keki. Utamu unapungua, ile kakao inakauka, inaelekea kwenye mbao na tumbaku, na poda inatulia juu yake. Ila jaribuni kwanza kwenye pindo isiyoonekana. Kakao halisi ina rangi, na mafuta ya kupima yana rangi kuliko spiriti. Wenye kanzu nyeupe nimeshawaambia, msije kunilaumu Ijumaa.

Suala la spiriti na swala, naona mkono umeinuka hata sijamaliza. Mwanangu, mimi mwalimu wa kemia. Masheikh wamelizungumza na wametofautiana, nenda kwa sheikh wako unayemwamini. Asiyetaka spiriti achukue mafuta, lakini ajue mafuta yanakaa karibu na mwili na hayarushwi mbali, kwa hiyo mwanzo wake ni wa taratibu zaidi, na hapo ndipo kakao inafaidi. Na wewe unayetaka kuniuliza juu ya mwanamke kutoka na manukato, nimesema ni ya usiku, na sikusema usiku wa kwenda wapi. (Kicheko.)

Nilitaka kuzungumza juu ya pachuli, yale majani yenye harufu nzito ya udongo, maana bila pachuli kakao hizi nyingi zisingesimama. Marashi ya Angel ya nyumba ya Mugler, ya mwaka 1992, yaliyotungwa na Olivier Cresp, ndiyo iliyofungua mlango wa marashi yenye utamu wa kuliwa, pachuli nzito chini, sukari ya kuungua juu. Sina muda. Na feki pia nilitaka kuzigusa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Chupa msiziweke dirishani, mwanga na joto vinaziharibu; kabati la nguo linatosha. Mkitaka kulinganisha mbili, moja kila mkono, tatu ni fujo. "Yanadumu saa ngapi?" si swali la kwanza, dizeli nayo inadumu.

Chupa ziko pale mezani. Kila mtu apulizie leso yake mara moja, aondoke nayo, aniletee jibu kesho baada ya adhuhuri, na aje na mtu aliyekaa naye jirani jioni hii. Ile ya kushoto ni ya mafuta. Wenye kanzu, pitieni kulia.