Bustani ya Derby na Maeneo Yetu ya Wazi

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu wa Mtwara, asalaam aleykum. Nimeombwa nizungumzie maeneo ya wazi ya mji wetu. Niruhusuni nianzie mbali, Derby, mji wa viwanda katikati ya Uingereza.

Hariri na pamba ziliutajirisha mji ule, ila waliosokota hawakuuona huo utajiri. Mwishoni mwa 1833 wafanyakazi wa hariri waliojiunga na chama cha wafanyakazi walifungiwa milango ya viwanda, wakakaa bila ujira hadi mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye Joseph Strutt, tajiri wa viwanda aliyewahi kuwa meya, akatoa ardhi yake, ekari 11, iwe bustani ya watu. Alitamka wazi kwamba jasho la watu wa Derby ndilo lililomsaidia kupata mali. Bustani ikafunguliwa Septemba 1840.

Aliyeichora ni John Claudius Loudon. Eneo lilikuwa dogo, tena tambarare. Akainua vilima vya udongo kati ya njia na njia, akapanda miti juu yake, ukawa ukipita huku humwoni anayepita kule. Padogo pakaonekana papana! Miti na vichaka vilizidi aina 1,000, na kila mmoja ulikuwa na kibao cha jina lake na nchi ulikotoka. Hapo nampa heshima yangu yote: alitaka mtu wa kiwandani apumzike na ajifunze papo hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuingia bure ilikuwa Jumapili na Jumatano tu. Siku nyingine ulilipa, kwa sababu Strutt alitoa ardhi bila kuacha fungu la kuitunza. Mpaka lango liwe bure kila siku, ilikuwa 1882. Miaka 42! Watoto wa siku ya ufunguzi walikuwa wameshapata wajukuu.

Sisi tuna bandari, gesi ya Mnazi Bay, saruji, korosho. Mji unapanuka, mikorosho inang'olewa, viwanja vinapimwa. Eneo likishauzwa na nyumba zikasimama, hakuna Strutt wa kulirudisha. Kwa hiyo wapimaji wakifika mtaani kwako, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, omba uoneshwe ramani. Uliza eneo la wazi liko wapi, lina ukubwa gani, na pesa ya kulitunza itatoka fungu lipi. Jibu likiwa la kuzungushwa, rudi na majirani.

Maswali sasa. Naomba tuanze na kina mama.