Ile njia ya baiskeli isiyo na magari: jamani, sijalipa visa tatu

Haya, leo nimekaa chini niongee, maana nikijibu mmoja mmoja nitakesha. Tangu niweke ile video fupi ya baiskeli, swali ni lilelile: "Hiyo barabara isiyo na magari iko wapi, na umelipa visa ngapi kupita nchi tatu?" Halafu kuna kundi la pili, la "Yaani miaka yote hiyo Ulaya bado unaendesha baiskeli?" Ndiyo, bado. Tena ya kukodi, hata si yangu. Mmeridhika?

Na kabla hamjaanza: sijisifu. Ningetaka kujisifu ningeegemea gari la mtu nikapiga picha, kama wanavyofanya wengine huku, mnawajua na mnawapongeza. Wala silalamiki. Yaani, nitalalamika kidogo, nivumilieni.

Njia yenyewe inaitwa Vennbahn. Ni kilomita 125. Inaanzia Aachen, magharibi kabisa mwa Ujerumani, inakatiza mashariki mwa Ubelgiji na kuishia Troisvierges, kaskazini mwa Luxembourg. Zamani ilikuwa reli. Waprusia waliijenga miaka ya 1880 ili makaa ya mawe ya Aachen yashuke kusini, na mawe ya chuma ya Luxembourg na Lorraine yapande kaskazini. Treni zilipokwisha, sehemu kubwa ya reli iling'olewa, ikamwagwa lami, na mwaka 2013 njia nzima ikazinduliwa.

Wengine mmeuliza mbona kwenye video sihemi, au nimekata vipande. Sijakata. Treni ya mvuke yenye mabehewa ya makaa haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliochora ile reli waliuzunguka mlima taratibu, mteremko wa kudanganya kabisa. Unatoka Aachen, unafika zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mapaja yanakuja kupata habari kesho yake. Magari hamna, ila barabara unazikatiza, na kuna sehemu chache unachangia. Msije mkatembea na watoto mkaziba masikio kwa sababu mimi nimesema hamna magari.

Sasa mipaka, maana hapo ndipo wengi mmeshangaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliipa Ubelgiji eneo la Eupen na Malmedy. Reli nayo ikapewa Ubelgiji, na si treni tu, bali hata tuta lililobeba reli, hadi pale linapopita katikati ya Wajerumani. Matokeo yake, mpaka leo kuna vipande vitano vya Ujerumani vilivyobaki ng'ambo ya tuta, vimezungukwa na Ubelgiji pande zote. Treni ilishakufa, mpaka ukabaki.

Pale Roetgen nilishuka kwenye baiskeli nikasimama, mguu mmoja kwenye lami, mwingine kwenye majani ya pembeni. Mguu wa kwenye lami Ubelgiji, wa kwenye majani Ujerumani. Bibi mmoja alikuwa anamwagilia maua yake na birika la bati. Nikamsalimia kwa Kijerumani. Akanitazama, akatazama ule mguu wangu wa kwenye majani, akaendelea kumwagilia. Hicho kijiji ndicho cha kwanza cha Ujerumani kutekwa na Wamarekani, tarehe 12 Septemba 1944. Leo hakuna hata wa kukuuliza unaenda wapi.

Na visa? Nchi zote tatu ziko Schengen, kibali kimoja cha kuishi Ujerumani kinatosha kuzipita. Basi mimi siku hiyo mfukoni nilikuwa na nini? Walioko huku Ujerumani mnalijua jina, nikilitaja tu mnashika kichwa: Fiktionsbescheinigung. Nyumbani niwaeleze. Kibali chako kinaisha, unaomba kipya, unatafuta termin, yaani miadi ya ofisini, termin hamna. Sasa usije ukaonekana mhalifu wakati wao ndio wamechelewa, wanakupa karatasi ya kukunja inayosema huyu bado yuko kihalali. Mimi nilikaa na hiyo karatasi miezi minane. Ada ya kuongeza kibali ni euro 93. Niliandika barua pepe mara nne, nikajibiwa mara moja, na jibu lenyewe lilisema nisiandike tena kwa sababu barua pepe nyingi zinachelewesha kazi. Sitaji ofisi ya mji gani. Bado naishi hapa.

Ile karatasi ina visanduku. Alama ikiwa kwenye kisanduku cha tatu, kile cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria yao ya ukaaji, unaweza kutoka Ujerumani na kurudi, mradi uwe na pasipoti na kile kibali kilichoisha. Ikiwa cha kwanza, kutoka utatoka, kurudi ndiyo shughuli. Yangu ilikuwa cha tatu. Yako ifungue uisome mwenyewe, na ukiwa na shaka muulize mwanasheria. Kila mtu na faili lake. Usiende kumwambia polisi kwamba kuna mtu wa YouTube alisema. Na polisi wapo, kwa sababu tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, ya Ubelgiji na Luxembourg ikiwemo. Kwenye tuta sikumwona hata mmoja, lakini unaweza kukutana nao kwenye treni unaporudi. Beba karatasi halisi, si picha kwenye simu. Mimi niliifunga kwenye mfuko wa mkate, kisha kwenye mfuko wa pili, halafu kifuani. Kila nilipopita jiwe la mpaka nilijigusa kifua. Mwanzoni nilikuwa nahesabu navuka mara ngapi, baadaye nikaacha.

Hela. Njia ni bure, hakuna kiingilio. Kinachokula hela ni kufika na kurudi. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za mikoani, nilinunua ilipokuwa euro 58, sasa ni 63, na baiskeli haimo, inakatiwa tiketi yake. Unashuka kituo cha Aachen-Rothe Erde, njia iko karibu hapo. Kurudi, ukishafika Luxembourg, treni za ndani ya nchi ni bure tangu mwaka 2020, daraja la pili, na baiskeli inapanda bure. Niliuliza mara mbili, kondakta akacheka. Ukivuka mpaka tu, unalipa.

Baiskeli nilikodi euro 22 kwa siku, siku tatu, na dhamana ya euro 150. Hiyo dhamana ndiyo imeniuma. Niliporudisha, kijana wa dukani akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akanionyesha mkwaruzo chini ya keria. Nikamwambia huu niliukuta. Akaniuliza picha iko wapi. Picha sina, kwa sababu nilipokabidhiwa nilikuwa najirekodi mimi badala ya baiskeli. Euro 40 zimekwenda. Cheka tu, wewe uliyeandika "kula bata kaka". Na saa mbili baada ya video kutoka, binamu yangu, simtaji, ananiandikia: "Nimeona unatalii, basi ile hela ya bati usisahau." Bati lenyewe nilishatuma mwezi wa tatu! Nimeinyamazia ile meseji hadi leo, na najua ananitazama hapa.

Tuendelee. Monschau teremkeni mkauone. Nyumba za mbao na chokaa zimebanana juu ya mto Rur, vita viliuacha salama. Ila stesheni ya zamani iko juu na mji uko bondeni, na hiyo barabara ya kushuka haikuchorwa kwa ajili ya treni. Kupanda nilikokota baiskeli kwa mkono, hicho kipande ndicho kweli nimekikata. Sankt Vith, mbele zaidi, msitafute nyumba za zamani. Mabomu ya Krismasi ya 1944 yaliumaliza karibu mji wote.

Kati ya Kalterherberg na Sourbrodt, huko juu kwenye nyanda zenye majimaji, upepo unakuja bila kizuizi, nikapata pancha ya nyuma. Tyubu ya akiba ninayo, pampu ninayo. Nikabadilisha vizuri, nikajisifu, nikashika pampu: mdomo wake ni wa valvu nene kama ya gari, tyubu ina valvu nyembamba yenye kale kaskrubu juu. Nilikaa hapo kama nusu saa. Akaja mzee na baiskeli yake. Huko wanaongea Kifaransa, mimi sina, yeye Kijerumani hataki. Nikamwonyesha pampu, nikamwonyesha valvu. Akatikisa kichwa vile wazee wanavyotikisa, akatoa kirungu kidogo cha shaba kutoka mfukoni, adapta, akakifunga, akanipa ishara nijaze. Nilipomaliza akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai na akaenda zake. Adapta kaniachia.

Na hiyo kahawa ina historia hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani iliitoza kahawa kodi nzito, na watu wa vijiji vya mpakani, Mützenich na majirani zake, wakawa wanaivusha kutoka Ubelgiji usiku mgongoni, hata watoto. Magendo yakapungua kodi ilipopunguzwa mwaka 1953. Ila kodi yenyewe haikuisha: mpaka leo kila kilo ya kahawa iliyokaangwa Ujerumani ina ushuru wa euro 2.19. Kwa hiyo mnaponiambia nilete kahawa nikija huko likizo, mnaniambia nipeleke maji baharini, tena yaliyolipiwa ushuru. Ninyi ndio mnitumie.

Siku tatu zilinitosha mimi. Mwingine atamaliza kwa mbili, mwingine atageuza Monschau na atakuwa amefurahi. Mimi napenda nyanda, mke wangu alisema angechoshwa na ukimya.

Na wewe uliyeuliza mara tano kama kiti kinauma: kinauma. Siku ya pili ndiyo mbaya.