Kondoo Asiyesema Neno

SALMA: Haya, karibuni tena. Leo tuna kondoo. Baraka, nasikia juzi umekaa na watoto wa dada yako mkamaliza filamu nzima bila wao kuomba simu.

BARAKA: Dakika 85, dada! Shaun the Sheep Movie, ile ya 2015. Unajua wale watoto, wakiwekewa katuni ya Kiingereza ni "Mjomba, amesemaje? Mjomba, amesemaje?" mpaka unazima televisheni. Humu hakuna anayesema. Mkulima ananung'unika, mbwa wake Bitzer anaguna, kondoo ni "mee" tu.

SALMA: Kwa wasiomjua, kondoo Shaun alitokea kwanza 1995 kwenye filamu fupi ya Nick Park, kazi ya studio ya Aardman kule Bristol, Uingereza. Akapewa katuni yake ya televisheni mwaka 2007, kila kipindi dakika 7 hivi. Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi. Kichekesho cha dakika 7 ukikivuta hadi saa moja na nusu, si kinakatika?

BARAKA: Kingekatika, ila waongozaji, Richard Starzak na Mark Burton, walimtwika Shaun mzigo wa kweli. Amechoka na ratiba ya shamba, anataka siku moja ya mapumziko. Yeye na kondoo wenzake wanamlaza mkulima ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu, karavani inaserereka yenyewe hadi mjini, mzee anapigwa kichwani na kusahau yeye ni nani.

SALMA: Halafu anageuka kinyozi!

BARAKA: Nilicheka peke yangu, nakuambia. Kichwa kimesahau, mikono haijasahau. Anaingia saluni, anashika mashine, anamnyoa mtu maarufu vilevile anavyonyoa kondoo, na mji mzima unautaka mtindo huo. Tena kwa Kiingereza jina Shaun hutamkwa sawa na neno la aliyekatwa manyoya.

SALMA: Umeona? Maneno yamo, yamejificha tu. Watu husema filamu isiyo na mazungumzo ni ya dunia nzima. Mimi sikubali moja kwa moja. Mkulima analazwa vipi? Kondoo wanaruka uzio mmoja mmoja, wanazunguka nyuma, wanaruka tena, mpaka anasinzia.

BARAKA: Hapo hapo! Yule mdogo, ana miaka 5, akaniuliza: "Mbona analala? Wamempulizia dawa?" Nikamweleza kwamba Wazungu wakikosa usingizi huhesabu kondoo kichwani. Akanitazama kama nimemtungia uongo.

SALMA: Ana haki. Mimi nililazwa kwa "Paukwa, pakawa". Sijawahi kuhesabu hata mbuzi.

BARAKA: Lakini Shaun alipofika saluni, sikueleza kitu. Anasimama mbele ya bwana wake, amejaa furaha, na bwana anamfukuza kama kondoo wa mtu mwingine. Macho mawili tu yale, vidoti vyeusi kwenye vyeupe, kope zinashuka kidogo. Mkubwa wao akaacha kutafuna bisi.

SALMA: Na kumbuka ile ni midoli. Mtu anausogeza kidogo, anapiga picha, anausogeza tena. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24, kwa hiyo siku nzima fundi anatoka na sekunde chache. Kope kushuka tu, huenda mtu alikosa chakula cha mchana!

BARAKA: Halafu Oscar ya 2016 wakaishia kuteuliwa, ikabebwa na filamu ya Inside Out.

SALMA: Hilo silalamiki. Langu ni yule mkamata wanyama, Trumper. Mwisho anawakimbiza na kuwakimbiza, nikaona dakika kumi zingepunguzwa.

BARAKA: Wangu walipiga kelele muda wote huo, dada. Wewe umezeeka.

SALMA: Sawa, bwana. Walilala lakini?

BARAKA: Mdogo alisema anajaribu dawa ya Wazungu. Akahesabu mpaka kumi na tatu, akaamka kuja kuniuliza wa kumi na nne ameenda wapi.