"Put Down": Neno Lililonikosesha Chumba

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sikupanga kurekodi, ila kila nikifungua komenti nakuta swali lile lile: "Dada, put down maana yake nini hasa? Kamusi inasema weka chini, mbona kwenye sentensi haikai?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Na najua kabla dakika mbili hazijaisha kuna atakayeandika kwamba naringa na Kiingereza, na mwingine kwamba nimeanza tena kulalamikia maisha ya huku. Sijaja kwa hilo wala hilo. Neno hili limenigharimu, ndiyo maana naliongelea.

"Put the bag down," weka begi chini, hiyo mnaijua. Turuke.

Nilipofika huku nilihangaika wiki kadhaa kutafuta chumba. Nikakipata. Dalali akanipa fomu, akasema, "Put down two months and it's yours." Sasa asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye ofisi nyingine, nilikuwa nimeambiwa "put down your full name", mara "put down your date of birth", na kote huko ni kuandika. Basi nikachukua kalamu, kwenye nafasi ya muda wa kukaa nikaandika miezi miwili, nikasaini, nikarudisha fomu, nikaondoka moyo umetulia. Kumbe alitaka nitangulize kodi ya miezi miwili! Siku tatu nangoja simu. Nilipopiga mwenyewe nikaambiwa chumba amepewa aliyelipa, na ada ya fomu hairudishwi. Ile ada iliniuma kuliko chumba, maana niliikopa. Na hakuna aliyeniuliza kama nimeelewa. Waliniona naitikia kwa kichwa, wakaniacha niende. Hilo mpaka leo halijanitoka.

Tangu hapo siangalii "down", naangalia kinachowekwa. Likiwa jina au anwani, unaandika. Ikiwa pesa, kama "put down a deposit", unatanguliza malipo, na wanataka pesa mkononi. Lakini mtu akipitisha karatasi ya mchango ukasema "put me down for twenty", hapo umesema niandikie ishirini. Ni ahadi, utatoa baadaye. Ile "me" ya katikati na ile "for" ndizo zimebadilisha kila kitu, kwa hiyo zisikilizeni sana.

Na hiki kineno cha katikati, kama "me" au "it", kina sheria yake: "put it down" ni sawa, "put down it" hawasemi. Wakati uliopita haubadiliki, "I put it down yesterday", bado ni put. Kwetu maana inabadilika kwenye mkia wa kitenzi: weka, wekea, wekeza. Wao mkia umekatika, unatembea peke yake kwenye sentensi. Uingereza utasikia "she put the phone down on me", yaani alinikatia simu. Ile "on me" inafanya kazi ya "ni" na "ia" kwenye alinikatia. Nilipoliona hilo nilifurahi kweli, nikaona kumbe si lugha ya kutisha.

Ila kuna moja mlishike. "Put the baby down" ni kumlaza mtoto. "Put the dog down" ni mbwa mgonjwa au mzee kuchomwa sindano na daktari wa mifugo ili afe asiteseke. Maneno yale yale. Mwenzangu kazini asubuhi moja aliniambia, "We had to put him down last night." Najua ana mtoto mdogo, nikatabasamu, nikamuuliza kama alilala vizuri. Macho yakamjaa machozi. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini siku nzima sikuweza kumtazama usoni.

Halafu kuna kumshusha mtu hadhi mbele za watu, "he's always putting me down". Ukiongeza "to", unataja chanzo cha jambo: "I put it down to tiredness", naona ni uchovu tu. Hii niliijua kwa msimamizi mmoja. Kosa lolote likitokea zamu yetu, yeye "put it down to her English", ni Kiingereza chake huyu. Ratiba kaipanga yeye, watu wawili kwenye kazi ya watu wanne, lakini sababu ni Kiingereza changu. Niliondoka pale, na sijutii.

Mnaouliza kama mlipie kozi, siwezi kuwaamulia. Hali za watu hazifanani, na mfuko wako unaujua wewe. Mimi nilitumia daftari, kila nikisikia put down naandika sentensi nzima. Mwenzangu mmoja hilo daftari halikumsaidia kabisa, yeye alijifunza kwa redio.

Nilipotafuta chumba tena, wakala akasema vile vile, "Put down one month." Nikamuuliza, "Write it or pay it?" Akajibu, andika leo, ulipe Ijumaa, akaniandikia na tarehe kwenye karatasi. Ndicho chumba hiki mnachokiona nyuma yangu.